Nani Alifungua Ghala la Ipyana

2 Machi

Nimefika nyumbani na tope hadi magotini, begi la kompyuta nimejitwika kichwani kama ndoo. Watu njiani wamecheka vya kutosha. Wacheke tu, kompyuta imefika kavu.

Nimemkuta Mama amekaa jikoni mchana kweupe, mikono mitupu. Mama yangu! Mwanamke ambaye hata akiwa na homa utamkuta anapepeta kitu. Hapo nikajua jambo hili ni kubwa kuliko alivyonieleza kwenye simu.

Niliandike lilivyo kabla hasira haijanivuruga. Mama, Prisca, ni mtunza ghala la kokoa la chama chetu cha ushirika hapa Ipyana. Tangu mwaka jana ghala lina kufuli ya umeme inayofunguliwa kwa simu, na simu zinazokubaliwa ni mbili tu: ya Mama na ya Mwenyekiti Hezroni. Februari, Jumanne moja, Mama alikuwa Bujonde kwenye kituo cha mnunuzi, Jubilate, akipeleka kokoa yetu wenyewe. Saa hiyo hiyo ghala la Ipyana likafunguka, magunia yakaondoka, na kompyuta ikaandika: mlango umefunguliwa na Prisca. Basi, imetosha. Wamemsimamisha, simu ya ghala wamemnyang'anya, na mkutano mkuu wa Mei utaamua kama apelekwe polisi.

"Mwenyekiti anasema kompyuta haidanganyi," Mama aliniambia.

"Mwenyekiti huyo huyo aliyekuja kwetu kuomba tumwashie redio?"

Hakucheka. Nimekuja kuandika tasnifu yangu ya chuo, lakini tasnifu itasubiri. Kazi niliyoisomea ni kuthibitisha kwa mantiki, mstari kwa mstari, kwamba mifumo ya siri ya namna hii haina mwanya. Sasa nitaufanyia kazi mlango wa nyumbani.

3 Machi

Mvua. Kokoa imelala kwenye vichanja chini ya maturubai na inaanza kunuka vibaya.

6 Machi

Kyela mjini, kwa Yasini, aliyetengeneza mfumo wa kufuli. Ofisi yake iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, Mzee Zubery. Mzee alinipokea vizuri. Mtoto wake alinipokea kama mtu wa kodi.

"Mfumo wangu hauna shida, dada," alisema kabla sijakaa. "Nimeujaribu mpaka vidole vimeota sugu."

"Kujaribu si kuthibitisha."

"Tofauti yake nini?"

Nikamwambia: chukua gunia la mchele, toa viganja mia, chambua. Usipokuta jiwe utasema mchele ni msafi, lakini gunia hujalimaliza. Mimi nataka kuapa kwa gunia zima, pamoja na viganja ambavyo hakuna atakayevitoa.

"Utaapaje bila kuvitoa?"

"Kwa mantiki."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Mtu amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, bado ana nguvu za kunicheka! Nimemchukia papo hapo. Lakini alinichorea mfumo wote kwenye boksi la misumari, na hilo nitamshukuru siku hasira zikipoa.

Mfumo wenyewe ni huu. Mlango unabuni namba ya siri, mpya kila mara, na kuifunga kwa namna ambayo simu ya Mama peke yake ndiyo inayoweza kuifungua. Simu inalia na kuuliza: *Unafungua mlango?* Akibonyeza Kubali, simu inaifungua namba ile na kuirudisha kwa mlango anaoshughulika nao, ikiwa imefungwa tena ili mpita njia asiisome. Mlango ukiona namba yake imerudi unasema: hii isingeweza kufunguliwa na mwingine ila Prisca. Unafunguka.

Ni mfumo mzuri, ukiutazama haraka. Mifumo yote mibovu niliyowahi kuisoma ilikuwa mizuri kwa namna hiyo.

11 Machi

Babu Ambilikile amepita. Mama akaacha njia, akaingia migombani mpaka amalize kupita. Miaka yote hii tangu aolewe, kwa desturi yetu, hajawahi kumtazama baba mkwe wake usoni, kukaa naye chini ya paa moja, wala kulitamka jina lake. Wanawake wa rika lake wengi wameshaacha mambo haya. Mama hajaacha. Na Babu, ambaye ndiye aliyetoa kiwanja cha ghala, hajasema hata neno moja la kumtetea. Amepita na fimbo yake kama hakuna lililotokea.

15 Machi

Nimeanza kazi yenyewe. Mama anaona naandika herufi na vishale siku nzima, anatikisa kichwa.

"Hiyo ndiyo kesi yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona haina maneno?"

Nilimweleza hivi. Kwanza naandika kila unachojua mlango na kila inachojua simu. Kisha namtengeneza adui. Adui wangu nimempa jina Bwana Sikio, kwa sababu anasikia kila kinachorushwa hewani. Anaweza kukizuia, kukichelewesha, kukipeleka pengine. Kitu kimoja tu hawezi: kufungua kilichofungwa kwa ufunguo wa mtu mwingine. Mwisho naandika sharti: kila ghala linapofunguka kwa jina la Prisca, Prisca amekubali kulifungua ghala hilo hilo. Halafu naiachia programu itafute njia zote, zote kabisa, ambazo Bwana Sikio anaweza kulivunja sharti. Ikipata moja, inanionyesha. Isipopata, na ikaweza kuonyesha kwa nini haitapatikana kamwe, inasema imethibitika.

"Na ikisema imethibitika?" Mama aliuliza.

Nikajifanya sijasikia.

22 Machi

Imethibitika.

Nimeisoma mara nyingi, neno halibadiliki. Sharti limethibitika. Hakuna njia. Ghala likifunguka kwa jina la Prisca, basi Prisca amekubali kulifungua.

Nimefunga kompyuta na kuisukuma chini ya kitanda. Nimeenda mpungani kufukuza ndege na kupiga kelele nisizohitaji kupiga. Niliporudi Mama alikuwa amenipikia samaki, mbasa wa nazi, kipande cha kichwa kimewekwa kwangu, na akakaa kunitazama ninavyokula. Mungu anisamehe, nilimtazama na kwa muda kidogo nikajiuliza. Mama yangu mwenyewe!

Aliondoa sahani, akaniletea maji ya kunawa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

24 Machi

Mvua. Sijagusa kitu.

27 Machi

Mimi ni mjinga. Naandika kwa herufi kubwa: MJINGA. Na nina furaha sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe.

Jua lilitoka kidogo, tukakimbilia vichanjani kugeuza kokoa. Nilikuwa namuuliza Mama maswali ya hivi hivi tu, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumuuliza lile moja.

"Siku ile ulifungua mlango gani?"

"Sikufungua."

"Hata mmoja?"

"Wa kituo cha Jubilate tu, nikamwage kokoa. Alinichelewesha pale, mpaka simu ikalia nikabonyeza. Kwani ule nao mlango?"

Niliachia reki chini. Ule nao mlango! Jubilate naye yumo kwenye mfumo. Ana kufuli ya Yasini, ana ufunguo wake, anaongea na simu ya Mama kihalali kabisa. Na mimi Bwana Sikio wangu nilimwandika kama mtu wa nje, asiye na mlango wala ufunguo, mgeni anayerandaranda na kutega masikio.

Huo ndio ugonjwa wetu huku. Kuku akipotea, ni watu wa kupita. Mtumbwi ukiibiwa ziwani Lyulilo, ni watu wa ng'ambo. Mwizi hawi mtu tunayemsalimia asubuhi. Nami na shahada zangu niliiingiza imani hiyo kwenye mstari wa tatu wa kazi yangu bila hata kuiona, na programu ikaniamini. Ilinijibu sawasawa. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya.

Nimempa Bwana Sikio mlango wake mwenyewe. Mstari mmoja tu umebadilika.

28 Machi

Limevunjika! Sharti limevunjika! Programu imechora njia nzima, nikaruka mpaka kuku wakatawanyika uani.

Njia yenyewe ni hii, nami naiandika taratibu kwa sababu nitaisimulia mbele ya watu wengi. Mama amesimama kituoni kwa Jubilate, anataka kufungua mlango wa Jubilate. Wakati huo huo watu wa Jubilate wako Ipyana, wanauambia mlango wa ghala: mimi ni Prisca, nifungulie. Ghala linabuni namba yake ya siri, linaifunga kwa ajili ya Prisca na kuirusha. Jubilate anaipokea. Hawezi kuifungua. Lakini hana haja! Anampelekea Mama kana kwamba ni namba ya mlango wake yeye. Simu ya Mama inalia: *Unafungua mlango?* Mama anaona mlango wa Jubilate mbele ya pua yake, anabonyeza Kubali. Simu inaifungua namba ya ghala kwa uaminifu wote na kumkabidhi Jubilate. Jubilate anairudisha ghalani. Ghala linaona namba yake imerudi. Linafunguka, na kuandika jina la Mama.

Hakuna aliyevunja siri yoyote. Mama ndiye aliyeifungua namba, kwa kidole chake, bila kujua ni ya mlango gani. Na Jubilate, kabla ya kuingia kwenye kokoa, alikuwa fundi simu pale stendi! Kila mtu anajua, mimi mwenyewe aliwahi kunibadilishia kioo.

Kosa liko mahali padogo: ndani ya ujumbe wa mlango hamna jina la mlango. Lingekuwemo, simu ya Mama ingesema: mbona niko kwa Jubilate na namba hii ni ya ghala? Ingekataa.

Nimemkumbatia Mama mpaka akalalamika mbavu.

31 Machi

Idi. Nimealikwa pilau kwa Mzee Zubery, nikaenda na kompyuta yangu kama mtu asiye na adabu. Yasini aliisoma ile njia akiwa na tonge mkononi. Akaacha kutafuna.

"Wallahi," alisema. Akairudia tangu mwanzo. "Imekaa hapo mwaka mzima."

Nilikuwa nimejiandaa kumsuta, nikamsuta. "Mpumbavu gani anaacha jina la mlango nje ya ujumbe?"

"Lilikuwemo, dada. Nililiweka mwenyewe. Liliondolewa."

"Na nani?"

Akaweka sahani chini. "Na mama yako."

Mfumo ulipozinduliwa, aliniambia, simu ilikuwa inaandika: *Unafungua mlango wa Ghala la Ambilikile?* Jina la Babu, kwa heshima ya kutoa kiwanja. Mama alikataa kubonyeza. Wake wote wa watoto wa Babu walikataa hata kuishika simu inayowataka wakubali jina la baba mkwe wao. Mama akamfuata Yasini mjini, akamwomba kwa upole jina litolewe. Na Yasini, aliyelelewa kuheshimu wakubwa, akalitoa. Ili milango yote ifanane, akayatoa majina yote, kwenye skrini na ndani ya ujumbe.

"Niliona ni adabu tu," alisema. "Sikuona kama ni mlango."

Nami ningefanya hivyo hivyo. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaishia kuomba pilau nyingine.

1 Aprili

Nimemwambia Mama. Bora ningejing'ata ulimi.

"Kwa hiyo nimejifunga mwenyewe," alisema.

"Mama, kuomba heshima si kosa. Aliyeiba ni Jubilate."

"Aliyemfungulia ni mimi."

Amelala mapema. Na mimi, badala ya kusikitika, nimekasirika: na desturi yenyewe, na Babu anayekaa barazani kwake huku heshima anayopewa inamla mtu.

12 Aprili

Mto umejaa, barabara ya Bujonde imekatika. Tumegombana.

Nilimwambia dawa ni moja: jina lirudi. Akasema hawezi kulikubali jina lile. Nikasema Mama, ni jina tu, mkutano uko karibu, utafungwa kwa ajili ya jina?

"Hiyo mantiki yako ina heshima?" aliniuliza.

"Haina."

"Basi usiniletee jikoni kwangu."

Nimekula peke yangu. Ndizi zilikuwa tamu, na hilo limenikera pia.

20 Aprili

Pasaka. Wake wote watano wa watoto wa Babu wamepika pamoja nyumbani kwetu, na mimi nikawa mtu wa kuchota maji. Walikuwa wanacheka, wanasemana. Mama mdogo akasema lori la chama limenasa kwenye tope pale Bati Jekundu.

"Bati Jekundu ni wapi?" niliuliza.

Wote watano wakanitazama kama mtoto wa mjini. "Si ghalani!"

"Mnapaita hivyo tangu lini?"

"Tangu lijengwe," Mama alisema. "Ulitaka tupaiteje?"

Nikakaa chini juu ya ndoo. Jamani! Hawa wanawake wana jina la ghala, wanalitumia kila siku, wote watano wanajua ni mlango upi, na hakuna mlango mwingine Kyela nzima unaoitwa hivyo. Mantiki yangu haihitaji zaidi ya hapo. Haiulizi jina ni la nani wala limetoka wapi. Inataka kila mlango uwe na jina lake, lisifanane na la mwingine, na anayebonyeza awe analifahamu.

Wiki tatu nzima nimeona desturi yao ni chanzo cha matatizo. Kumbe walikuwa wameshatatua nusu ya kazi yangu kwa kuongea tu.

"Mama," nilisema, "simu ikiuliza *Unafungua Bati Jekundu?* utabonyeza?"

Akafikiri. Wenzake wakasubiri.

"Kama ndipo niliposimama, nitabonyeza. Kama sipo, nitawapigia kelele."

Ndilo sharti langu lote hilo. Amelisema vizuri kuliko sura ya nne ya tasnifu yangu.

24 Aprili

Nimeandika upya kila kitu. Bwana Sikio sasa ana milango yake, mingi anavyotaka, ana simu, ana marafiki, anafungua vikao elfu kwa wakati mmoja. Jina la mlango limerudi ndani ya namba ya siri, limefungwa nayo pamoja. Niliiachia programu asubuhi, nikaenda kuvundika kokoa na Mama. Tulitandika majani ya migomba, tukamwaga, tukafunika. Mikono inanata, nzi wananizunguka, na kila baada ya muda natupa jicho dirishani kama mtu anayesubiri posa.

Niliporudi ilikuwa imemaliza.

IMETHIBITIKA.

Safari hii na mwizi akiwa ni mtu wetu. Kwa milango yoyote, kwa simu zozote, kwa mbinu ambazo hata hajazaliwa wa kuzibuni. Maadamu hakuna aliyeiba ufunguo wenyewe, mlango hautafunguka kwa jina la mtu asiyekusudia kuufungua. Nimecheza uani mimi peke yangu. Mama akatoka, akaniuliza ni nini, nikamwambia, naye akaanza kucheza bila kuelewa, viganja vimejaa utomvu wa kokoa. "Ndaga fijo," alikuwa anasema, "ndaga fijo," sijui ananishukuru mimi au Mungu.

Nilimpigia Yasini.

"Umeapa kwa gunia zima?" aliuliza.

"Zima!"

Akapiga ukelele mpaka nikasikia baba yake anauliza nani amekufa.

3 Mei

Mwenyekiti Hezroni amekataa. Nilimpelekea kurasa zote, akazitazama kama menyu ya hoteli ya ghali.

"Binti, hizi herufi mimi sizisomi, na wanachama hawazisomi. Kompyuta iliandika Prisca."

"Kompyuta haikudanganya, Mwenyekiti. Iliulizwa swali bovu."

"Utasema hayo mkutanoni."

Sawa, nitayasema mkutanoni, na nitamfanya ayaseme yeye.

Yasini yuko tayari kunisaidia kuonyesha kosa la mfumo wake mwenyewe mbele ya wanachama wote. Biashara yake nzima imesimama juu ya kufuli hiyo. Nilimuuliza kama amefikiri vizuri. Akasema mlango ukiwa mbovu, aibu ni kuuacha. Yule niliyemchukia Machi sijui alienda wapi.

10 Mei

Mvua zinapungua. Mpunga unaanza kuwa wa dhahabu upande wa chini. Mama hajalala vizuri wiki hii.

17 Mei

Naandika nikiwa bado na tope la mkutano miguuni.

Ukumbi wa chama ulijaa mpaka madirishani. Babu Ambilikile alikaa mbele, kama kawaida, kwa sababu ya kiwanja. Na kwa kuwa Babu yumo ndani, Mama hakuweza kuingia. Alikaa nje chini ya upenu, amejifunika khanga, kesi yake inasikilizwa upande wa pili wa ukuta. Afisa ushirika, mgeni wa mkoa mwingine, akauliza: "Mtuhumiwa yuko wapi? Kama hana hatia mbona hatokei?" Watu wa hapa wakatazamana. Nilikunja ngumi mpaka kucha zikaniingia.

Nikasimama. Sikugusa herufi wala kishale. Nilimwomba Mwenyekiti simu yake ya ghala, akanijibu haitoki mkononi mwake. Nikasema vizuri sana, ibaki hapo hapo. Mezani Yasini aliweka kabati dogo la bati lenye kufuli ya aina ile ile, iliyounganishwa na mfumo.

"Mwenyekiti, kabati hili lina soda. Lifungue unywe."

Watu wakacheka. Simu yake ikalia. Akaisoma kwa sauti, ameinua kidevu: "Unafungua mlango?" Akatazama kabati, akabonyeza Kubali.

Kabati halikufunguka. Lakini ng'ambo ya uwanja, ghalani, kengele ya mlango ikalia, na mlango mkubwa ukaachia mbele ya macho ya wote waliokuwa madirishani. Yasini akasoma kwenye kompyuta ya chama, taratibu, kila neno: "Mlango umefunguliwa na Hezroni."

Ee Mungu wangu, kelele zile!

"Mimi?" Mwenyekiti alipiga kelele. "Mimi nimefungua kabati!"

"Kompyuta haidanganyi, Mwenyekiti!" mtu wa nyuma akajibu, na ukumbi ukabomoka kwa kicheko. Alifuta jasho, akaketi, akasimama tena. "Nimekaa hapa hapa! Mmeniona wote! Mtu anawezaje kuwa mwizi akiwa amekaa?"

"Ndivyo alivyouliza Prisca," nikasema.

Kicheko kikakatika. Nikawaeleza njia nzima, polepole, kama nilivyoiandika Machi. Nikawaambia: nimethibitisha kwamba mtu wa nje hawezi kuifanya hila hii. Ni lazima awe na mlango wake kwenye mfumo, na ni lazima mwenye simu awe anafungua mlango wa mtu huyo saa hiyo hiyo. Jumanne ile Prisca alifungua mlango mmoja tu.

Sikumtaja. Vichwa viligeuka vyenyewe. Jubilate alikuwa kwenye kiti cha pembeni, na mwanzoni alicheka na wenzake. Sasa alisema hizi ni ngano za chuo, nani ameona, nani ana ushahidi wa magunia. Afisa ushirika, yule yule aliyeniudhi, akamwambia kwa upole kwamba kituo chake kitafunguliwa leo, yeye akiwepo, pamoja na polisi. Jubilate akasimama kutoka. Wakulima wawili wa Bujonde, wauzaji wake wa siku zote, wakajaza mlango kwa mabega yao. "Mugonile, bosi," mmoja akamsalimia. Akarudi kukaa.

Yasini naye alisimama akasema kosa ni la mfumo wake, kwamba mfumo mpya uko tayari na umethibitishwa, na kwamba atabadilisha kufuli zote kwa mkono wake. Nilidhani watamzomea. Walimpigia makofi.

Ndipo Mwenyekiti, sauti imemtoka ndogo, akasema: "Aitwe Prisca."

Hakuna aliyekwenda kumwita. Watu wote walimtazama Babu, kisha wakatazama chini. Kwa muda huo nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, pale alipokaa na fimbo yake mbele ya wote.

Babu akainuka. Alipita katikati ya viti, polepole, watu wakivuta magoti kumpisha, akaelekea mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa imeanza tena, kubwa. Kijana mmoja akamnyooshea mwavuli, akaukataa kwa kichwa. Akatoka akasimama kule mgombani, mgongo ameugeuzia ukumbi, mahali ambapo mkwewe amekuwa akisimama kwa ajili yake tangu kabla sijazaliwa. Koti lake likalowa mara moja. Mimi nilikuwa nalia bila kujali nani ananiona.

Mama akaingia kwa mlango wa mbele. Ameivua khanga kichwani. Alitembea mpaka katikati, akasimama, akawatazama mmoja mmoja: Mwenyekiti, afisa, Jubilate, majirani walioacha kuja kwetu kuazima chumvi.

"Tangu Februari mmenijadili," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali. Nimekuja. Ulizeni."

Akasubiri. Mvua ilikuwa inapiga bati. Aliwapa muda wa kutosha, mwanamke yule, alisimama wima na kuwapa muda wote walioutaka. Hakuna aliyeuliza. Basi akanyoosha mkono, na Mwenyekiti Hezroni akazunguka meza, akaja mwenyewe, akamrudishia simu ya ghala kwa mikono miwili.